Kamera ndogo ya dijitali: inafaa nini kwa picha za kila siku, na uichunguze vipi kabla ya kuinunua

Wakazi wengi wa vijijini katika mikoa ya Mbeya na Iringa siku hizi wanapiga picha kwa simu. Hata hivyo, kwenye mahafali ya darasa la saba, kipaimara, harusi na sikukuu za vijijini, bado utamkuta kijana mwenye kamera ndogo mkononi, akipanga watu mstari na kuandika majina ya wanaotaka kusafishiwa picha. Wapo pia wakulima, walimu na wazazi wanaoitafuta kamera hiyo kwa ajili ya nyumbani tu.

Wasikilizaji wanauliza: kamera hiyo ina faida gani kama tayari nina simu? Na nikiinunua ya mtumba, nitajuaje kwamba ni nzima? Katika makala haya tunaeleza kamera yenyewe, mahali inapoishinda simu na mahali inaposhindwa, jinsi ya kuikagua, na jinsi ya kuitunza pamoja na picha zake katika hali ya hewa ya nyanda za juu kusini.

Kwa ufupi:

- Kamera ndogo inaishinda simu ya kawaida kwa kuvuta kitu kilicho mbali, kwa nguvu ya flashi, na kwa kuwa na betri yake yenyewe.
- Simu inaishinda kamera kwa kutuma picha papo hapo. Simu nyingi mpya pia zinapiga vizuri zaidi penye mwanga hafifu.
- Kabla ya kulipia kamera ya mtumba, kagua lenzi, betri, chaja na aina ya memori kadi.
- Picha iliyo sehemu moja tu inaweza kupotea siku yoyote.

Ni kamera ya namna gani?

Ni kamera inayoingia mfukoni. Lenzi yake haibadilishwi kama ya kamera kubwa za wapiga picha wa magazeti. Ukiiwasha, lenzi inachomoza. Ukiizima, inarudi ndani na kujifunika. Nyuma ina kioo cha kuonea picha. Ndani yake, mahali palipokuwa pa mkanda zamani, pana sensa, yaani kibati kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa za umeme. Taarifa hizo huhifadhiwa kwenye memori kadi.

Ukubwa wa picha hupimwa kwa megapikseli. Megapikseli moja ni vidoa milioni moja vinavyojenga picha. Wauzaji hupenda kutaja namba kubwa, lakini kwa picha ya kusafisha ya inchi 4 kwa 6, ile ya kuweka kwenye albamu, megapikseli 2 hivi zinatosha. Kamera ya zamani ya megapikseli 10 ina zaidi ya mahitaji hayo. Ubora wa lenzi, ukubwa wa sensa na mwanga uliopo vina uzito kuliko namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Ilitoka wapi?

Kabla ya dijitali, kazi yote ilikuwa ya mkanda. Mkanda ulibeba picha 24 au 36, na hukujua kama umepatia mpaka usafishwe. Aliyekuwa Makete au Kyela alisubiri siku nyingi mkanda uende mjini na picha zirudi. Familia nyingi zilipiga picha studio tu, mbele ya pazia lililochorwa. Afrika Mashariki ina studio zenye historia ndefu: Capital Art Studio ya Unguja, kwa mfano, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake ni sehemu ya kumbukumbu ya Zanzibar.

Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani, alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, picha yake ilikuwa na vidoa 10,000 tu, na ilitumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Mwaka 1995 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa QV-10, kamera ya watu wa kawaida yenye kioo nyuma. Biashara ikakua hadi mwaka 2010, ambapo kampuni za Japani zilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, nyingi zikiwa hizi ndogo.

Kisha simu zenye kamera zikaichukua kazi hiyo. Kodak, iliyoivumbua, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni mwezi Januari 2012. Casio iliacha kutengeneza kamera ndogo mwaka 2018. Lakini katika miaka ya karibuni vijana wa Ulaya, Marekani na Asia wamezirudia kamera za miaka ya 2000 kwa sababu ya rangi zake na flashi yake. Kwa mnunuzi wa kwetu jambo hilo lina maana moja: kamera iliyokuwa ikitupwa imerudi kuwa bidhaa. Kwa hiyo usishangae ukitajiwa bei kubwa kwa kamera ya zamani, na usikubali bei hiyo kabla ya kuikagua.

Kwa nini watu bado wanaipenda?

Sababu ya kwanza ni kuvuta. Simu nyingi za bei nafuu hazina lenzi ya kuvuta. Ukikuza picha, simu inakata tu sehemu ya katikati na kuipanua. Ukikuza mara 4 kwenye simu ya megapikseli 12, unabakiwa na sehemu moja ya 16, yaani chini ya megapikseli moja. Kamera ndogo inasogeza vioo vya lenzi yenyewe, hivyo picha inabaki na ubora wake. Ndiyo maana mzazi aliyekaa nyuma kwenye mahafali anaweza kumpata mwanawe jukwaani. Ndiyo maana pia anayetembelea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha anaweza kumpiga twiga bila gari kumsogelea.

Sababu ya pili ni flashi. Taa ya simu ni taa ndogo inayowaka mfululizo, lakini flashi ya kamera hutoa mwako mmoja mkali. Ndani ya nyumba yenye madirisha madogo, au jioni kwenye sherehe, mwako huo humkamata mtu bila picha kucheza, ilimradi asiwe mbali zaidi ya mita 3 hivi.

Sababu ya tatu ni betri. Kijijini ambako watu hulipia kuchaji au husubiri jua la sola, simu inabeba mambo mengi: pesa za M-Pesa, mawasiliano na mnunuzi wa viazi, na taarifa za msiba. Ukipiga picha 200 za harusi kwa simu hiyo hiyo, jioni huna simu. Kamera inaachia simu kazi zake.

Sababu ya nne ni nafasi. Simu hujaa video na picha za makundi ya WhatsApp, na siku ya tukio inakataa kupiga. Memori kadi ya GB 8 hubeba picha karibu 2,000 za kamera ya megapikseli 10 au 12.

Sababu ya mwisho ni utulivu wa kazi. Kamera haipigiwi simu katikati ya picha. Unaweza kumpa mtoto mkubwa au bibi aishike bila hofu ya ujumbe wako kusomwa.

Wapi simu inashinda?

Kama simu yako ni mpya na ya kiwango cha kati kwenda juu, huenda ikapiga usiku vizuri kuliko kamera ndogo ya mwaka 2010, kwa sababu programu yake huunganisha picha kadhaa kuwa moja. Simu pia hutuma picha mara moja. Mkulima anayetaka afisa ugani aone ugonjwa wa viazi leo hii atumie simu. Kamera inafaa pale anapotaka kumbukumbu ya msimu mzima, au picha ya karibu sana. Kamera nyingi ndogo zina alama ya ua, ambayo huruhusu kupiga kitu kilicho sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, kama madoa kwenye parachichi au wadudu chini ya jani.

Kwa picha za ugonjwa wa mazao, piga picha nne: shamba lote, mmea mmoja mzima, jani upande wa juu, na jani upande wa chini. Picha za namna hiyo zinamsaidia afisa ugani wa kata au mtaalamu wa TARI Uyole kuliko picha moja ya jani lililokatwa.

Kwa anayetaka kuifanya biashara, apige hesabu kwanza. Mfano tu: kama baada ya kulipia kusafisha na nauli unabakiwa na shilingi 500 kwa kila picha, kamera ya shilingi 150,000 itarudisha pesa yake ukishauza picha 300. Jiulize kama eneo lako lina mahafali, ubatizo na harusi za kufikisha idadi hiyo kwa mwaka, na kama wateja wanalipa kabla au baada. Kijana aliyesafisha picha 80 kwa mkopo na wateja wakahama msimu wa mavuno ameshapoteza mtaji. Chukua walau nusu ya malipo siku ya kupiga.

Jinsi ya kukagua kamera ya mtumba

Nenda na memori kadi yako, na usikubali kununua iliyofungwa kwenye boksi bila kuijaribu. Fuata hatua hizi:

1. Iwashe na kuizima mara tano. Lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza wala kugoma. Ugonjwa mkubwa wa kamera hizi ni lenzi kukwama kwa vumbi au kuanguka, na mara nyingi matengenezo hugharimu kuliko kamera.

2. Vuta lenzi mpaka mwisho, kisha piga picha ya mawingu meupe au karatasi nyeupe. Ikuze kwenye kioo. Madoa meusi yanayorudi mahali palepale katika kila picha ni uchafu ulio ndani.

3. Elekeza lenzi kwenye mwanga na uitazame kwa pembeni. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Iache.

4. Tazama aina ya kadi. Kamera za zamani sana zinazotumia kadi ya SD hazisomi kadi ya zaidi ya GB 2. Zenye alama ya SDHC husoma hadi GB 32. Baadhi ya Olympus na Fujifilm za zamani hutumia kadi ya xD, na Sony za zamani hutumia Memory Stick. Kadi hizo ni ngumu kupatikana, na bila kadi kamera haina kazi.

5. Tazama betri. Kama ni betri yake maalumu, hakikisha haijavimba na chaja ipo. Kama inatumia betri za AA, zile za rimoti na tochi, ni nafuu kwa kijijini, lakini betri za bei ya chini kabisa huisha baada ya picha chache. Nunua za kuchaji au za alkalini.

6. Jaribu flashi, kitufe cha kupigia, na kutazama picha ulizopiga. Kisha toa kadi uone kama kamera nyingine au simu inaisoma.

7. Dai risiti yenye jina la duka na namba ya kamera. Kununua mali ya wizi ni kosa, na risiti ndiyo ushahidi wako.

Kupiga picha nzuri kwa mwanga wa huku

Kwanza, bonyeza kitufe nusu, subiri alama ya kijani au mlio mdogo, kisha malizia kubonyeza. Picha nyingi zisizoonekana vizuri hutokana na kubonyeza kwa haraka mara moja.

Pili, jali nyuso. Kamera hupima mwanga wa eneo lote. Ukimsimamisha mtu mbele ya ukuta mweupe au anga angavu, kamera hudhani mwanga umezidi, na uso mweusi hutoka giza. Tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza kidogo hadi karibu +0.7, au washa flashi hata kama ni mchana. Flashi ya mchana pia huondoa kivuli cha kofia na kilemba machoni.

Tatu, chagua saa. Nguzo za udongo za Isimila, kando ya barabara ya Iringa kwenda Mbeya, zinapendeza asubuhi au alasiri, mwanga ukiwa wa upande. Saa sita mchana zinakosa vivuli. Maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, hustawi wakati wa mvua, hivyo anayeyafuata ajiandae kwa mawingu. Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu pale Kiwira viko kwenye kijani na kivuli kingi, kwa hiyo tuliza mikono au egemeza kamera kwenye jiwe.

Ukungu, baridi na vumbi

Nyanda za juu zina adui watatu wa kamera. Mufindi na Tukuyu zina ukungu na mvua nyingi, na unyevu ndio unaoleta kuvu kwenye lenzi. Usiifungie kamera kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati lenye unyevu. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uitoe mara kwa mara ipate hewa.

Miezi ya Juni na Julai, ukitoka kwenye baridi ya alfajiri na kuingia jikoni kwenye moto, lenzi hutoa jasho. Kabla ya kuingia, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki na uiache ipate joto taratibu. Maji yatashika nje ya mfuko. Baridi pia hudhoofisha betri kwa muda, hivyo ibebe betri ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za Usangu huingia kwenye lenzi inayochomoza. Zima kamera kabla ya kupanda bodaboda. Futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, baada ya kupuliza vumbi. Usitumie mate, pindo la khanga lenye mchanga, wala spiriti.

Picha zisipotee

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Siku ya msiba familia inatafuta picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza, na jibu ni kwamba ilikuwa kwenye simu iliyoibiwa au kadi iliyoharibika. Picha ya babu na bibi iliyopotea hairudiwi.

Weka kila picha muhimu sehemu tatu: kwenye kadi au kompyuta, kwenye simu ya ndugu anayeishi nyumba nyingine, na kwenye karatasi. Kisoma kadi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la chaji la simu kitakuwezesha kuhamisha picha bila kompyuta. Ukituma kwa WhatsApp, tumia sehemu ya kutuma nyaraka, kwa sababu sehemu ya picha hupunguza ubora. Nyuma ya picha iliyosafishwa andika kwa penseli majina, mahali na mwaka.

Kumbuka pia kurekebisha tarehe ya kamera. Betri ikikaa nje muda mrefu, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Picha ya mpaka wa shamba au ng'ombe walioharibu mahindi itatiliwa shaka mbele ya baraza la kata kama inaonyesha mwaka ambao kamera hiyo ilikuwa bado haijatengenezwa.

Ruhusa na sheria

Omba ruhusa kabla ya kupiga. Kwa wazee, salimia kwanza, keti, eleza picha ni ya nini, na ukiahidi nakala, ipeleke. Kwa mtoto, mwombe mzazi au mlezi. Kambi za jeshi na maeneo yenye tangazo la kukataza picha usipige.

Ajali za barabarani, kama zinazotokea mlima Kitonga na Mlima Nyoka, si mahali pa kutafuta picha za kusambaza. Familia isijue kifo cha ndugu yao kwa kuona mwili wake kwenye simu. Saidia majeruhi, piga simu namba 112, na uache njia kwa waokoaji.

Kisheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na picha inayomtambulisha mtu inaweza kuwa taarifa binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa mambo yanayosambazwa mtandaoni. Upande wa mpiga picha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua picha kuwa kazi zinazolindwa. Mtu hana haki ya kuchukua picha zako na kuzifanyia biashara bila idhini yako.

Je, ununue?

Kama simu yako inapiga vizuri, ina nafasi na unatuma picha zaidi kuliko kusafisha, baki nayo, na pesa hiyo nunua memori kadi na usafishe picha za wazazi wako. Kama unahudhuria mahafali na sherehe mara kwa mara, unahitaji kuvuta vitu vya mbali, au simu yako inaisha chaji kabla ya tukio kwisha, kamera ndogo nzima ya mtumba itakufaa. Ikagulie palepale dukani, mchana, ukiwa na kadi yako mfukoni, na muuzaji akikataa kukupa nafasi ya kuijaribu, nenda duka la pili.